Albert Johanneson: Mtoto wa Germiston aliyefungua mlango wa Wembley, akafa peke yake

Fainali ya Kombe la FA la Uingereza inafuatwa sana kwetu. Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, hata Lubumbashi, siku hiyo vibanda vya televisheni vinajaa na mabishano yanaendelea mpaka usiku. Wakongomani wana sababu zao pia. Tarehe 21 Mei 2016, Leopard wetu Yannick Bolasie alianza fainali hiyo na Crystal Palace, wakapigwa 2-1 na Manchester United katika dakika za nyongeza. Mwaka wa 2024, Aaron Wan-Bissaka, ambaye kisha alikuja kuvaa jezi ya Leopards, alilichukua kombe na Manchester United baada ya kuishinda Manchester City 2-1.

Leo hakuna anayeshangaa kuona mtoto wa Afrika katika fainali hiyo. Lakini kuna siku ambapo lilikuwa jambo jipya kabisa. Ni siku ya posho, tarehe 1 Mei 1965, Liverpool dhidi ya Leeds United, katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu 100.000. Upande wa kushoto wa Leeds, mgongoni akiwa na namba 11, alisimama kijana wa miaka 25 kutoka Afrika ya Kusini, Albert Johanneson. Ndiye anayetambuliwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza fainali ya Kombe la FA, kombe ambalo lilikuwa linachezwa tangu mwaka wa 1871.

Jina lake halijulikani sana kwetu, na hata Uingereza walilisahau kwa miaka mingi. Wale waliolikumbuka, wengi walikumbuka jambo moja tu: kwamba siku hiyo alicheza vibaya. Ni hesabu isiyo ya haki, na maisha yake yanaonyesha sababu.

Johanneson alizaliwa tarehe 13 Machi 1940 huko Germiston, mji wa dhahabu na wa reli, mashariki ya Johannesburg. Alipokuwa na miaka minane, chama cha National Party kilichukua madaraka na siasa ya apartheid ikaanza kuandikwa katika sheria. Kufikia mwaka wa 1950 kila mtu alipaswa kuandikishwa kufuatana na rangi yake, na rangi hiyo ndiyo iliyoamua utaishi mtaa gani, utasoma shule gani, utapanda basi gani. Kabumbu haikuponyoka. Wazungu walikuwa na ligi yao, weusi yao, machotara yao, Wahindi yao. Mtoto mwenye kipaji kama Albert angeweza kucheza miaka yote bila kukutana hata mara moja uwanjani na mzungu wa rika lake aliyekaa kilometa mbili kutoka kwao.

Wengi hawajui kwamba Afrika ya Kusini ilikuwa kati ya inchi nne zilizoanzisha CAF mwaka wa 1957, pamoja na Misri, Sudani na Ethiopia. Ilitakiwa kucheza Kombe la Afrika la kwanza kabisa, huko Khartoum. Lakini viongozi wake walikataa kuleta ekipe moja yenye watu wa rangi zote. Walitaka kuleta ya wazungu peke yao au ya weusi peke yao. CAF ikakataa, na kombe likachezwa na inchi tatu. FIFA nayo iliisimamisha Afrika ya Kusini mwaka wa 1961, ikailegezea kidogo, kisha ikaisimamisha tena mwaka wa 1964. Kwa hiyo, katika miaka yote ambapo Johanneson alikuwa katika nguvu zake, hakukuwa na timu ya taifa ya kumuita. Huko kwao hawakumtaka juu ya rangi yake, na dunia haikuwataka wao juu ya jambo hilo hilo. Yeye alibaki katikati.

Kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kuondoka. Steve Mokone alikuwa ameionyesha mwaka wa 1956 alipokwenda Coventry City. Mwaka uliofuata, mweusi mwingine wa Afrika ya Kusini, Gerry Francis, alianza kuichezea Leeds. Ni miaka ile ile ambapo Wakongomani wetu walikuwa wanafungua milango ya Ulaya: Léon Mokuna, ambaye alipitia Sporting ya Lisbon kisha akaenda La Gantoise, na Paul Bonga Bonga pale Standard ya Liège. Watu hao wote walikuwa wachache sana, na kila mmoja alijua kwamba akishindwa, wataseme Waafrika hawawezi.

Mwalimu mmoja wa shule ndiye aliyependekeza jina la Johanneson kwa Leeds. Alifika mwanzoni mwa mwaka wa 1961, wakati wa baridi kali, kwa majaribio ya miezi michache. Alikuwa ametoka katika inchi ambako, mwezi wa Machi mwaka uliotangulia, polisi walikuwa wameua watu 69 huko Sharpeville kwa sababu waliandamana kupinga vitambulisho vya kutembelea. Akafika katika mji wa viwanda vya nguo, wenye moshi na matope, ambako watu walipenda ragbi zaidi kuliko kabumbu. Leeds United ilikuwa ekipe ya divizioni ya pili. Miaka michache nyuma ilikuwa imemuuza mchezaji wake mkubwa, John Charles, kwa Juventus, na mwaka wa 1960 ikashuka daraja. Haikuwa klabu ya kujivunia.

Mwezi wa Machi 1961, mchezaji wao mmoja mwenye umri mkubwa, Don Revie, akapewa kazi ya ukocha. Revie aliwavalisha nguo nyeupe kutoka juu mpaka chini, kwa kuiga Real Madrid, jambo lililowachekesha watu wengi wakati huo. Tarehe 8 Aprili 1961 alimpanga Johanneson kwa mara ya kwanza, dhidi ya Swansea, mechi iliyomalizika 2-2. Kwa muda mfupi yeye na Gerry Francis walikuwa pamoja katika klabu hiyo, Waafrika wawili weusi, kabla Francis hajahamia York City.

Kuna habari moja ya siku zile za kwanza ambayo wachezaji wenzake waliisimulia kwa miaka mingi. Baada ya mechi, wachezaji wa Uingereza walioga wote katika birika moja kubwa. Johanneson alibaki pembeni na nguo zake, anasubiri. Kule alikotoka, mweusi kuingia katika maji pamoja na wazungu ilikuwa jambo la kukupeleka mbele ya polisi. Alidhani sheria ni hiyo hiyo kila mahali. Wenzake walipofahamu kwa nini hasogei, walimshika, wakamtupa ndani ya maji, wakacheka naye. Watu wanaipenda habari hii kwa sababu ni nzuri, na kweli ni nzuri. Lakini tuiangalie pia kutoka upande wake: mtu mzima wa miaka 21 ambaye anapaswa kufundishwa kwamba ana haki ya kuoga.

Uwanjani hakuhitaji mtu wa kumfundisha. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mbio za ajabu, na mpira ulimtii miguuni. Watu wa Leeds walimpa jina la umeme mweusi. Katika ligi iliyojaa mabeki wazito na viwanja vya matope, yeye alipita kando yao kabla hawajageuka.

Mwisho wa msimu wa 1961-1962, Leeds ilikuwa karibu kuanguka katika divizioni ya tatu. Siku ya mwisho walipaswa kupata matokeo huko Newcastle. Walishinda 3-0, na goli moja lilikuwa la Johanneson. Watu wanaozungumza juu ya ekipe kubwa ya Leeds ya miaka ya sitini na sabini mara nyingi wanaanzia na Billy Bremner, Jack Charlton, Johnny Giles na Norman Hunter. Wanaruka siku ile ya Newcastle. Kama Leeds ingeanguka siku hiyo, nani anajua kama klabu ingempa Revie muda wa kujenga chochote?

Hakuanguka, akajenga. Vijana aliowalea walikomaa, Bobby Collins alikuwa ameshakuja kutoka Everton, Giles akaja kutoka Manchester United. Mwaka wa 1964 Leeds ikawa bingwa wa divizioni ya pili na kupanda. Johanneson alifunga zaidi ya magoli kumi katika msimu huo, hesabu kubwa kwa winga.

Divizioni ya kwanza iliwapokea vibaya. Leeds ilicheza kwa nguvu, wengine wanasema kwa ukatili, na ekipe zingine zililipa kwa njia hiyo hiyo. Lakini kwa Johanneson kulikuwa na kitu kingine juu ya mateke. Kutoka majukwaani alipigiwa kelele za nyani. Wachezaji aliokutana nao walimtukana rangi yake sikioni, wakati muamuzi yuko hatua chache. Hakuna aliyeadhibiwa. Uingereza yenyewe haikuwa bado na sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi. Sheria ya kwanza ilipitishwa Novemba 1965, miezi sita baada ya fainali tunayoizungumzia, na hata hiyo ilihusu sehemu za watu wote kama hoteli na mabasi, haikugusa kazi wala nyumba. Siku hizi mchezaji akitukanwa anamuendea muamuzi na mechi inaweza kusimamishwa. Wakati wa Johanneson, aliyelalamika ndiye aliyeonekana dhaifu. Basi alinyamaza, akaendelea kukimbia.

George Best wa Manchester United, ambaye alicheza dhidi yake miaka hiyo, baadaye alieleza kwamba kwake yeye ushujaa wa Johanneson ulianzia pale tu alipokubali kuingia uwanjani.

Msimu wa 1964-1965 ndio uliokuwa mkubwa na wa uchungu zaidi. Leeds, wageni katika divizioni, walipigania ubingwa mpaka siku ya mwisho. Tarehe 26 Aprili walitoka sare 3-3 na Birmingham, wakamaliza na pointi 61 sawa na Manchester United, lakini Manchester wakachukua ubingwa kwa hesabu ya magoli. Siku tano baadaye walikuwa na fainali. Walifika huko kwa kuitoa Manchester United hiyo hiyo katika nusu fainali, 1-0 katika mechi ya kurudia, goli la Bremner. Liverpool nao walikuwa wameiondoa Chelsea 2-0.

Kwa wale wasiofuata sana mambo ya Uingereza, Kombe la FA ni kombe la inchi, kama vile sisi tuna Kombe la Congo. Kila klabu inaweza kuingia, kubwa na ndogo, na ukifungwa unatoka. Wakati ule fainali yake ilikuwa na heshima kupita hata ubingwa wa ligi. Ilikuwa mechi moja kati ya chache sana zilizoonyeshwa moja kwa moja katika televisheni, na familia nzima ziliketi kuiangalia. Leeds hawakuwa wamewahi kuifikia. Liverpool walikuwa wameifikia mara mbili, mwaka wa 1914 na 1950, na mara zote mbili wakapigwa. Kocha wao Bill Shankly alijua kwamba mji mzima unasubiri.

Kwa hiyo fikiria Johanneson katika njia ile ndefu ya kutokea uwanjani Wembley. Hakuna mtu wa rangi yake aliyewahi kutajwa kupita hapo mbele yake siku kama hiyo. Huko kwao Germiston, asingeruhusiwa kukaa jukwaa moja na wazungu. Hapa alitakiwa kuwashinda, mbele ya inchi nzima.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa mzito. Dakika za kwanza kabisa, beki wa Liverpool Gerry Byrne aligongana na Bobby Collins akavunjika mfupa wa bega. Wakati huo kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa. Byrne alifunga meno akacheza mechi yote hivyo hivyo, na Liverpool wakaficha jambo hilo ili Leeds wasijue. Ni moja ya habari za ushujaa zinazosimuliwa sana Anfield mpaka leo, na wana haki ya kuisimulia.

Upande wa Leeds, hakuna kilichoenda. Walijifunga nyuma, wakaacha mpira kwa Liverpool. Kipa wao Gary Sprake ndiye aliyewaokoa mara kwa mara, huku Tommy Lawrence wa Liverpool akikaa bila kazi kubwa. Johanneson alipewa mpira mara chache, na alipopewa, Chris Lawler alikuwa amemkaba. Winga bila mpira hana la kufanya. Dakika 90 zikaisha 0-0, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1947 fainali ikaingia katika dakika za nyongeza.

Dakika ya 93, Byrne yule yule mwenye bega lililovunjika akapiga krosi, Roger Hunt akafunga kwa kichwa. Baada ya muda mfupi Hunter akatuma mpira mrefu, Charlton akauteremsha kwa kichwa, na Bremner akapiga kwa nguvu: 1-1. Halafu, wakati watu wameanza kufikiria mechi ya kurudia, Ian Callaghan akatoka upande wa kulia, akatoa krosi, Ian St John akajitupa kwa kichwa. 2-1. Ron Yeats, nahodha wa Liverpool, akapanda ngazi kuchukua kombe ambalo klabu yake haikuwa nalo kamwe.

Kisha ikaja hukumu. Ekipe nzima ya Leeds ilikuwa imecheza chini ya uwezo wake. Giles hakuonekana, Collins hakuonekana, washambuliaji hawakupiga. Lakini jina lililorudiwa katika mazungumzo ya baadaye ni la Johanneson. Yeye ndiye aliyeonekana kwa urahisi uwanjani, na yeye ndiye aliyekuwa rahisi kulaumiwa. Giles alipata fainali zingine za kujisafisha. Bremner na Charlton pia. Mwaka wa 1972 walilishinda kombe hilo hilo kwa kuifunga Arsenal 1-0. Johanneson hakupata nyingine.

Haimaanishi kwamba mpira uliisha siku hiyo. Mwaka wa 1966, katika Kombe la Maonyesho la Ulaya, aliifunga DWS ya Amsterdam magoli matatu katika mechi moja. Lakini majeraha ya misuli yalianza kumla, na mbio ndiyo ilikuwa mali yake. Kijana mmoja wa Scotland, Eddie Gray, akachukua nafasi yake kushoto. Leeds ikaingia katika miaka yake ya utajiri: Kombe la Ligi na Kombe la Maonyesho mwaka wa 1968, ubingwa mwaka wa 1969. Johanneson aliyaona mambo hayo kutoka pembeni. Mwaka wa 1970 alihamia York City, katika divizioni ya chini kabisa, na baada ya miaka miwili akaacha kucheza. Kwa Leeds alikuwa amecheza mechi karibu 200 na kufunga magoli 67.

Alikuwa na miaka 32. Wachezaji wa wakati huo hawakuondoka na mamilioni. Wengi walifungua baa, wakauza magari, au wakarudi kijijini kwao. Johanneson hangeweza kurudi kwao. Afrika ya Kusini ya mwaka wa 1972 ilikuwa bado ile ile aliyoikimbia, pengine mbaya zaidi. Alikuwa ameoa mwanamke mwenye asili ya Jamaika na walikuwa na mabinti wawili, lakini ndoa ilivunjika na familia ikawa mbali naye. Pombe ikachukua nafasi iliyobaki. Alifanya vikazi vya hapa na pale. Watu wa Leeds walimuona njiani, wengine wakamnunulia kinywaji kwa heshima ya zamani, jambo lililozidi kumharibu. Wachezaji wenzake wa zamani walijaribu zaidi ya mara moja kumtoa humo, na kwa muda alitoka, kisha akarudi. Haifai kusema kwamba ubaguzi peke yake ndio uliomuua, kwa maana watu wengine wengi, weusi kwa weupe, wameangamizwa na chupa. Lakini ukimfikiria mtu aliyenyamaza miaka kumi uwanjani, unajiuliza yale yote aliyoyameza yalikwenda wapi.

Msomaji wa Congo hawezi kusoma habari hii bila kumkumbuka Ndaye Mulamba. Mutumbula, aliyefunga magoli tisa katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo haijavunjwa, aliishia kukimbilia Afrika ya Kusini, akiongoza magari ya watu katika maegesho ya Cape Town ili apate chakula. Mwaka wa 1998, wakati wa Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa heshima yake, wakidhani amekufa, naye yuko hai. Mmoja alitoka Afrika ya Kusini, mwingine aliingia humo. Wote wawili walipotea machoni pa watu waliowapigia makofi.

Mwaka wa 1994 mambo yaligeuka kule alikotoka Johanneson. Mandela akawa rais. Mwaka huo huo Leeds United ikawasajili Waafrika ya Kusini wawili, Lucas Radebe kutoka Kaizer Chiefs, na Phil Masinga kutoka Mamelodi Sundowns. Walipokelewa na kamera na picha. Radebe baadaye akawa nahodha, akapendwa sana mpaka kikundi kimoja cha wanamuziki wa mji huo kikajiita Kaiser Chiefs juu yake. Walikuwa wanatembea katika barabara zile zile ambamo Johanneson, mgonjwa na mzee kabla ya wakati, alikuwa anaishi katika chumba cha jengo la ghorofa.

Mwishoni mwa Septemba 1995 alikutwa amekufa ndani ya nyumba yake. Alikuwa amekufa siku kadhaa kabla mtu hajajua. Alikuwa na miaka 55. Miezi minne baadaye, tarehe 3 Februari 1996, Afrika ya Kusini, ekipe ya rangi zote, ilichukua Kombe la Afrika huko Johannesburg kwa kuifunga Tunisia 2-0, na Mandela uwanjani amevaa jezi. Kutoka uwanja huo mpaka Germiston si mbali.

Leeds ilichelewa, lakini ilimkumbuka. Alizikwa katika makaburi ya Lawnswood mjini humo. Vitabu viliandikwa juu yake, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 kibao cha buluu chenye jina lake kilifunguliwa katika uwanja wa Elland Road, kama wanavyofanya Waingereza kwa watu waliofanya jambo kubwa mahali fulani. Mwezi huo wa Januari 2019 ndio Phil Masinga alifariki, na ndio Ndaye Mulamba pia alifariki, huko huko Johannesburg.

Siku za mechi, mashabiki wanaoingia Elland Road wanapita mbele ya kibao hicho. Kina jina la mtu aliyeichezea Leeds tangu 1961 mpaka 1970.